Teknolojia ya Tabianchi Hufia Mkononi, Si Angani

Watu wangu, hebu fikiria ile meseji ya tokeni za stima. Umelipa, simu imelia, na hapo ndani kuna nambari yenye tarakimu 20. Zingekuja zote zimeshikana, nusu ya mtaa ingelala giza. Lakini zinakuja nne nne, na kistari kati ya kila kundi. Unasoma nne, unabonyeza nne, unarudi kwa simu kutafuta nne zingine. Kuna mtu mahali alikufikiria ukiwa umesimama mbele ya mita kwa giza, simu mkono mmoja na mtoto mkono ule mwingine, akaamua kuweka vistari.

Kazi ya kufikiria hivyo ina jina: usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Don Norman, aliyelieneza jina hilo akiwa Apple miaka ya 1990, alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 1988 chenye hoja rahisi sana. Ukisukuma mlango ambao ulipaswa kuvutwa, wewe si mjinga. Mlango ndio umetengenezwa vibaya.

Leo nataka tuongee kuhusu milango ya aina hiyo kwenye teknolojia ya tabianchi hapa Kenya. Na teknolojia yenyewe tunayo, usiseme hatuna. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa vyanzo safi: mvuke wa Olkaria, maji, upepo, jua. Tuna sola za kulipa pole pole. Tuna bima ya ng'ombe inayotumia setilaiti. Boda za umeme zinapita hapa nje kimya kimya mpaka zinakushtua. Akili iko, na pesa za wafadhili ziko.

Shida ni kwamba akili zote na pesa zote zinaenda kwa ile sehemu ngumu ya juu, halafu ile sehemu ya mwisho, pale kitu kinapokutana na mkono wa mtu, inaachiwa yeyote aliyebaki ofisini Ijumaa jioni kabla ya uzinduzi. Na sehemu hiyo ikifeli, hasara haiendi kwa aliyetengeneza. Inaenda kwa aliyetumia. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo: kila ukichora kitufe, ukichagua neno, ukipanga siku ya kulipa, unaamua nani atabeba hasara mambo yakiharibika. Na kwa sasa tunambebesha yule asiyeweza.

Mwaka jana nilikaa kwenye shindano moja la vijana wa teknolojia hapa Nairobi. Kikundi kimoja kikaonyesha programu ya wakulima. Kazi safi, sitawanyima sifa. Ramani ya kaunti nzima, kila shamba na rangi yake kulingana na unyevu wa udongo. Nikauliza, mkulima akiona shamba lake limekuwa jekundu, afanye nini? Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Hapo tutafanya uhamasisho." Nikauliza tena, na yule ambaye simu yake ni kabambe? "Hiyo ni awamu ya pili."

Wacha niwaambie kitu kuhusu awamu ya pili: haifikangi.

Milimita 40 ni kitu gani?

Tuanze na utabiri wa hewa, kwa sababu hapo ndipo watu wanakufa.

Mvua ya Machi hadi Mei 2024 iliua karibu watu 300 nchini. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari, tena zaidi ya moja. Sasa jaribu kuisoma tahadhari kama mtu anayeishi kando ya mto Mathare. Imekuja kama faili ya kurasa kadhaa, kwa Kiingereza, inasema mvua ya zaidi ya milimita 40 kwa saa 24 inatarajiwa katika kaunti zifuatazo, na hapo kuna orodha ndefu ambayo Nairobi imo. Kisayansi, iko sawa kabisa. Lakini mama mwenye chumba cha mabati hapimi mvua kwa milimita. Yeye anajua maji yakifika kwa lile jiwe, usiku huu hatulali. Kati ya zile milimita na lile jiwe kuna daraja ambalo hakuna mtu aliajiriwa kulijenga.

Na wakati mwingine si hesabu tu, ni sauti zenyewe zinagongana. Agosti 2023 wataalamu wa kanda yetu walitabiri mvua fupi kubwa kuliko kawaida. Oktoba, Rais akaambia taifa kwamba El Niño ile iliyotabiriwa haitakuwepo. Novemba tukaanza kuzika watu. Ukitaka kujua kwa nini mtu anapuuza tahadhari inayofuata, anza hapo. Kuaminika ni sehemu ya usanifu, kama vile rangi na maandishi. Kengele ikishadanganya mara moja, hata ukiipigia dirishani, mtu anajifunika blanketi.

Kuna waliofanya vizuri zaidi, tena bila simu janja. Bangladesh ilipoteza zaidi ya watu 300,000 kwa kimbunga kimoja mwaka 1970. Baada ya hapo wakajenga mfumo wa watu wa kujitolea vijijini, wenye vipaza sauti na bendera. Bendera moja ina maana yake, mbili zina yake, tatu maana yake ondoka. Mtoto anaweza kuhesabu. Vimbunga havijaacha kuja, lakini vifo vimepungua sana kadiri miaka ilivyopita. Teknolojia ya bendera ni kitambaa na mti. Kilichofanya kazi ni kwamba alama moja ina kitendo kimoja, na anayeipandisha ni mtu unayemjua jina.

Hapa kwetu pia tuna dalili kwamba inawezekana. Kuna zile redio za jamii zilizoanzishwa na idara ya hali ya hewa, kama Kangema kule Murang'a kwenye maporomoko ya udongo, na Bulala kule Budalang'i ambako mto Nzoia hufurika. Zinaongea lugha ya pale, na mtangazaji anajua mto uko wapi. Huo ni usanifu wa mtumiaji, hata kama hakuna mtu wa kompyuta aliyehusika. Swali langu ni kwa nini redio kama hizo bado ni chache, na ramani za rangi ziko kila mahali.

Deni unaambiwa kila siku

Sasa twende Mwingi, kwa shangazi yangu.

Sola ya kulipa pole pole ni moja ya hadithi bora zilizotoka Kenya, na sitaki mtu aseme naiponda. M-Pesa ilikuja 2007, na miaka michache baadaye kampuni kama M-KOPA zikagundua kwamba mtu ambaye hawezi kutoa maelfu kwa mpigo anaweza kutoa shilingi 50 kwa siku, hela ileile alikuwa anaweka kwa mafuta ya taa. Ukilipa, mtambo unafunguka. Usipolipa, unajifunga. Malipo yanaenda kwa simu, kwa hivyo hakuna mtu wa kuja kubisha mlango. Usanifu wa hali ya juu huo.

Lakini angalia ndani ya hiyo shilingi 50 kwa siku kuna dhana gani. Ndani yake kuna mtu anayepata pesa kila siku. Huyo ni mama mboga, ni mtu wa boda, ni mimi na wewe mjini. Shangazi yangu hapati pesa kila siku. Yeye analima ndengu. Mvua ikija vizuri anavuna mwanzo wa mwaka, anauza, kwa wiki mbili yeye ni tajiri. Kuanzia hapo pesa inapungua polepole mpaka Novemba, wakati wa kupalilia, hata ya chumvi ni hesabu.

Basi Novemba moja nikafika kwake nikamkuta na koroboi mezani, na sola iko juu ya paa, nzima, inakula jua bure. Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hukulipa ya miezi yote ulipouza ndengu?"

Akanitazama. "Kwani inawezekana?"

Ilikuwa inawezekana. Iko kwenye menyu, ukipiga nyota na nambari zake na reli, ukaingia chaguo la nne, kwa Kiingereza, halafu ukasoma haraka kabla haijakufukuza uanze upya. Nikamwonyesha. Akasoma, akacheka ile kicheko ya uchungu.

"Mwanangu, deni wananiambia kila siku. Hii hakuna siku waliniambia."

Nimeifikiria hiyo sentensi sana. Mfumo ulikuwa na uwezo wa kumtumia meseji kila asubuhi kwamba siku zake zimeisha. Ungeweza pia kumtumia moja tu, mwezi wa pili, kwa Kikamba au Kiswahili: umeuza ndengu? Lipa sasa mpaka Desemba. Mtambo uleule, meseji ileile, gharama ileile. Mtu alichagua ni ujumbe gani utatumwa, na akachagua ule unaolinda kampuni.

Na tabianchi je? Koroboi ilirudi mezani. Moshi ukarudi kwa macho ya watoto wanaosoma. Kwenye ripoti ya mwaka, nyumba ya shangazi bado inahesabiwa kama nyumba iliyohamia nishati safi, kwa sababu mtambo ulishauzwa. Ukipima mitambo iliyouzwa utapata ushindi. Ukipima usiku ambao taa iliwaka, utapata hadithi nyingine.

Bima iliyojifunza kuwahi

Kuna mfano mmoja ambao nauheshimu, kwa sababu waliotengeneza walikubali kubadilika.

Januari 2010, watafiti wa ILRI na wenzao walianzisha bima ya mifugo Marsabit. Badala ya mtu kupanda gari kwenda kuhesabu mizoga, setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukijani ukishuka chini ya kiwango fulani, wote wenye bima eneo hilo wanalipwa. Wazo zuri ajabu.

Lakini mwanzoni hesabu ilikuwa ya kumlipa mfugaji kwa mifugo iliyokwisha kufa. Ukiwa ofisini hiyo inaeleweka, bima si hulipa hasara? Ukiwa mfugaji, unashangaa. Ng'ombe amekufa Februari, unaniletea pesa ya nini Machi? Ninunue ngozi? Baadaye mkataba ukabadilishwa ili pesa ije mapema, ukame unapoanza kuuma, mfugaji anunue nyasi na maji na kuokoa mifugo angali hai. Serikali ilipoanza kuwalipia wafugaji maskini bima hiyo mwaka 2015, ilikuwa kwa mpango huo. Na Wajir, mwaka 2013, ikaja bima ya takaful, kwa sababu huwezi kumwuzia Mwislamu kitu ambacho dini yake inakikataa halafu useme hajahamasishwa.

Ona hapo: setilaiti ni ileile. Kilichobadilika ni tarehe ya pesa na maneno ya mkataba. Hiyo ndiyo sehemu iliyoamua kama ng'ombe ataishi.

Bado kuna kasoro. Setilaiti inaona kijani, haionji. Ukijani wa mathenge na ukijani wa nyasi ni vitu viwili kwa mbuzi, lakini kutoka juu vinaweza kufanana. Katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa nchini. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameisha, lakini mashine inasema eneo lake bado ni kijani, anahitaji mahali pa kusema, "Njooni muone." Kama mfumo wako hauna mlango wa kulalamika, na uwe kwa lugha yake, basi hujamaliza kuutengeneza.

Jiko ambalo halina skrini

Watu wakisikia usanifu wa mtumiaji wanafikiria skrini na vitufe vya duara. Kwangu, kazi bora ya namna hiyo kwenye historia ya Kenya ni jiko la makaa. Lile lenye udongo ndani na bati nje, lililobanwa kiuno.

Lilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980. Wazo la udongo wa ndani lilitokana na jiko la Thailand, umbo la bati likatokana na jiko ambalo Wakenya walikuwa nalo tayari. Udongo unashika joto, kwa hivyo makaa yanatumika kidogo. Kitako kipana kinalizuia lisipinduke ukisonga ugali, na kusonga ugali si mchezo, ni mieleka. Mafundi wa jua kali walilikunja kwa mikono yao na kuliuza sokoni palepale walipokuwa wanauza lile la zamani. Mama hakuambiwa abadilishe chakula, wala saa ya kupika, wala sufuria. Alipewa kitu anachokijua, kinachokula makaa machache, na mfuko wake ukamshawishi wenyewe.

Linganisha na majiko ya jua, yale ya kioo, ambayo yamegawanywa bure mara nyingi Afrika nzima. Sayansi yake haina makosa. Lakini yanataka upike nje, mchana, polepole, wakati watu wako shambani au kazini, na usiguse sana. Kisha usiku ugali unasongwa kwa moto wa kuni kama kawaida, na lile jiko la jua linakuwa kiota cha kuku. Aliyelileta anaandika kwamba jamii ilikataa mabadiliko. Jamii haikukataa mabadiliko. Ilikataa kula saa tisa mchana.

Na boda za umeme ziko njia panda hapohapo. Skrini inamwambia rubani wa boda kwamba betri imebaki asilimia 23. Yeye haendi asilimia, anaenda Kikuyu. Anataka kujua kama atafika na kurudi na abiria mzito kwenye mlima ule, na kama kituo cha kubadilisha betri kitakuwa wazi saa nne usiku, na kama kina betri ya kampuni yake, maana ya jirani haiingii. Kwa petroli alizoea kuweka ya mia akaendelea na kazi. Kama umeme hautampa uhuru ule wa mia, atakusikiliza ukiongea kuhusu hewa chafu, atakubaliana na wewe, halafu atawasha ile ya petroli.

"Lakini watu wafundishwe"

Najua jibu. Kampuni ni changa, pesa ni kidogo, kwanza kifaa kifanye kazi halafu urembo utafuata. Na watu wafundishwe, si kila kitu kirahisishwe.

Kuhusu urembo, rudi kwa shangazi. Hakuomba rangi. Alihitaji sentensi moja kwa wakati unaofaa, na sentensi haigharimu setilaiti. Kitu ambacho hakijaeleweka na aliyenunua hakijaanza kufanya kazi, hata kama taa zake zote ni za kijani kule maabara.

Kuhusu kufundisha, mimi sipingi elimu. Napinga elimu inayotumwa kuziba shimo la usanifu. Ukiona kifaa kinahitaji semina ya siku mbili na chai ya saa nne ndipo mtu aweze kuwasha taa, ule mlango unasukumwa na ulipaswa kuvutwa. Watu hawa tunaosema hawajasoma walijifunza M-Pesa nchi nzima. Wengi walifundishwa na mwenye kibanda, kwa dakika tano, kwa sababu kila hatua ilifanana na kitu walichokijua: kutuma pesa nyumbani.

Halafu kuna suala la haki ambalo hatulisemi kwa sauti. Mkulima wa Mwingi na mfugaji wa Marsabit hawakuchafua hii hewa. Mchango wao ni kidogo kiasi kwamba hauonekani. Sasa dunia inawaletea suluhisho na bado wao ndio wanaopaswa kujifunza lugha ya suluhisho, kulipa kwa ratiba ya suluhisho, na kulaumiwa suluhisho likifeli. Hiyo ni kuadhibiwa mara mbili.

Kwa hivyo, kwa wanaotoa pesa: acheni kuuliza ni vifaa vingapi vimegawanywa. Ulizeni vingapi vinawaka mwaka wa pili, mwezi ambao watu hawana pesa. Kwa kaunti: tahadhari ya mafuriko isiyotaja mto kwa jina na isiyosema mtu aende wapi, msiitume. Rudini mezani muimalizie.

Na kwa vijana wenzangu wenye laptopu na ndoto, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu yako, panda gari. Nenda Novemba, si Februari watu wakiwa na pesa na tabasamu. Kaa na mtu mmoja jioni nzima, usimwonyeshe chochote, angalia tu anafanya nini giza likiingia. Ukirudi mjini ukiwa bado na ile ramani yako ya rangi, basi hukuangalia.